Kadi ya Wifi Yake

Wagonjwa wangu wengi humtaka daktari. Wanaingia, wanakaa, wananitazama kuanzia viatu hadi vile vipande vyekundu vya begani vya cheo cha unesi, kisha wanauliza, wengine kwa adabu na wengine bila, daktari yuko wapi. Nawajibu kwamba daktari huja Jumanne na Alhamisi asubuhi, leo ni Jumatatu, kwa hiyo wana mimi. Yupo mzee mmoja ninayemtibu presha mwaka wa nne sasa. Kila mwezi nampima, nambadilishia dawa inapobidi, natia sahihi, naye ananishukuru sana, halafu ananiomba nimwitie daktari.

Hata mama yangu, Kigoma, jambo hili lilimsumbua. Aliniuliza kwenye simu, "Sasa wewe ni nesi au daktari? Watu wakiuliza niwaambie nini?" Nikamwambia awaambie mimi ni nesi ninayefanya kazi za daktari. Akasema, "Basi mwanangu, wanakuonea."

Hawanionei. Nilisoma uuguzi miaka minne, nikaongeza mwaka mwingine wa kujifunza kupima na kutibu, na nina kibali cha kuandika dawa zilizomo kwenye orodha yetu. Kisichomo, nampigia daktari, na mara nyingine anapokea. Kliniki za mji huu zinaendeshwa na wanawake kama mimi. Tukigoma siku moja tu, hapo ndipo watu watajua nani alikuwa akiwatibu. Nasema haya kwa majivuno na siyaombei radhi, ila majivuno hayahaya yana mchango wake katika ninayotaka kueleza.

Nilikuja Johannesburg nikimfuata mume aliyekuwa akisoma Braamfontein. Mume alimaliza, akarudi nyumbani na digrii na mwanamke mwingine, mimi nikabaki na kazi. Sijutii mgawanyo huo.

Kliniki yetu iko mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Foleni huanza alfajiri, na zamani anayewahi ndiye aliyekuwa akitangulia. Kisha wakaanza kuja wale watu wa getini. Hawakuwa wafanyakazi wetu, walikuwa wakazi wa mitaa ya karibu, wanaume kwa wanawake, waliosimama mlangoni wakidai karatasi. Mwenye kitambulisho cha nchi anapita. Mwenye karatasi ya ukimbizi anapita siku ambayo wameamka vizuri. Asiye na kitu anarudishwa, awe anahara damu au ana mimba. Mlinzi wetu aliangalia simu yake. Mimi nilipita katikati yao kila asubuhi nikiwa na sare, nao walinisalimia, "Morning, sista," maana sare haiulizwi ilizaliwa wapi. Nami niliitikia. Niliona aibu kila siku, na kila siku niliitikia.

Nywele zangu husukwa Marshalltown, ghorofa ya pili, juu ya duka la mablanketi, kwa mwanamke wa Uvira, Kongo, ambaye nimemzoea kama ndugu. Ana watoto wawili, na nilimfuatilia mimi mwenyewe wakati wa mimba zote mbili. Karatasi zake zilikuwa sawa na kadi yake ya kliniki ilikuwa sawa. Jumamosi moja alikuwa akinisuka huku akinieleza habari za wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa amekaa pembeni akitenganisha nywele za bandia na kumpasia. Alikuwa na mimba ya miezi mitano na hajapimwa hata mara moja. Alikwenda getini mara mbili akafukuzwa mara mbili, na mara ya pili mwanamke mmoja alimshika tumbo akamwambia akazalie kwao.

Nilipandwa na hasira. Mimi nikikasirika nasema kwanza, kufikiri kunafuata. Nikamwambia msusi wangu, "Kwani wewe kadi huna? Mmefanana, urefu mmoja, rangi moja. Ile picha ya kwenye karatasi imefifia hata mimi naweza kuwa wewe. Nani atajua?"

Saluni nzima ilicheka. Msusi wangu hakucheka, alishika kichwa changu akakigeuza upande wa pili akaendelea kusuka. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Kichwa kilichoponzwa safari hii hakikuwa changu.

Sikulifikiria tena. Wiki tatu baadaye, Jumatatu, niliita jina la msusi wangu mlangoni pa chumba namba nne, akaingia wifi yake.

Alikuwa amejiandaa. Alivaa wigi la msusi wangu lile la Jumapili, na ile sweta ya kijani ninayoijua. Alikaa wima, mikono juu ya tumbo, akanitazama kama mtu anayengoja mtihani ugawiwe. Nilielewa mara moja. Na nataka hili lieleweke, kwa sababu kuna mahali pengine nimesema vingine: nilielewa kabla hajaketi.

Chumba namba nne kina meza mbili na pazia katikati. Upande wa pili wa pazia alikuwa mwenzangu, mwenyeji wa Soweto, mwanamke mwema na mwenye masikio. Ametibu watu wetu miaka mingi hata amekusanya maneno ya Kiswahili. Anajua maumivu, anajua mimba, anajua uongo. Kwa hiyo ningeweza kuinuka, kumtoa yule mama nje hadi kwenye korido, kumwambia taratibu, mwanangu, najua wewe ni nani, sasa nieleze mwili wako. Ingechukua dakika mbili. Sikufanya hivyo. Nilijiambia kwamba nikisikia, nitakuwa nimejua, na nikishajua ninawajibika kusema au kudanganya. Afadhali tusiambiane. Niliona ni busara, na zaidi ya busara, niliona ni ujanja. Nilijisikia kama nimewashinda wale wa getini.

"Habari za saluni?" nikamwuliza.

"Muzuri, sista."

"Na watoto?"

Akarekebisha wigi. "Batoto iko salama."

Nilikaribia kutabasamu. Nilimlaza kitandani nikampima. Tumbo la mimba ya kwanza lina mkazo wake, halina mchirizi hata mmoja, na vidole vilivyogusa matumbo mengi haviulizi mtu. Vilisema mimba ya kwanza. Nikarudi mezani nikaandika mimba ya tatu, kwa sababu faili lilisema hivyo. Mwandiko ule ninao hadi leo machoni, mzuri, usiotetemeka.

Kisha nikamtoboa kidole. Katika hudhurio la kwanza la mimba tunapima vitu kadhaa papo hapo, na damu yake ilionyesha kaswende. Nilimweleza kwa sauti ndogo kwamba ugonjwa huo unatibika kabisa, kwamba sindano ya penisilini ingemkinga na mtoto, na kwamba ningemdunga leo hii bila kumngoja daktari wa kesho. Hiyo ndiyo fahari yetu sisi. Zamani mwanamke wa namna hii angeambiwa arudi siku ya daktari, na wengi hawarudi. Sasa anatoka na dawa mwilini.

Kuna swali moja linalotangulia sindano hiyo, na hakuna nesi anayelisahau. Nililiuliza kwa Kiingereza, kwa ajili ya pazia, kisha kwa Kiswahili: je, umewahi kudhurika na dawa yoyote, penisilini hasa, kuvimba, kuwashwa, kubanwa na pumzi?

Akasita.

Nilimwona akisita. Macho yake yalishuka kwenye faili lililokuwa wazi mezani, yakapanda kwangu, yakaenda kwenye pazia. Hajui kusoma Kiingereza, lakini alijua kwamba kwenye karatasi zile kuna mwanamke ambaye yeye anapaswa kuwa, na kwamba mwanamke yule ana jibu lake. Wengine wote niliowahi kuwatibu nawaambia, mficha uchi hazai, niambieni yote. Huyu sikumwambia. Nilitazama faili, nikaona mwandiko wangu wa mwaka juzi, msusi wangu alipovimba koo, nikamsaidia kujibu.

"Mwaka juzi nilikudunga hiyohiyo, si ndiyo?"

Uso wake ukafunguka. Nilikuwa nimempa jibu la mtihani. "Ndiyo, sista," akasema. "Ya mwaka juzi sikupata shida."

Nikamdunga. Ni sindano nzito, inauma, nusu tako hili nusu lile. Hakulia. Nikamkalisha kwenye kiti karibu na kitanda angoje nusu saa kama utaratibu unavyotaka, nikamwita mgonjwa mwingine, mwanamume mwenye kidonda cha mguu.

Hata bandeji sikumaliza. Nilisikia akikuna viganja. Nikageuka, midomo ilikuwa imeanza kujaa, na wigi alikuwa amelivua ameliweka mapajani kwa sababu kichwa kilimwasha. Alikohoa kikohozi kikavu. Alisema kwa sauti iliyokuwa inaondoka, "Sista, hii ilinipataka nikiwa mutoto."

Nilikuwa nimekwisha inuka. Nilifanya yote, na niliyafanya vizuri. Naweza kuyataja kwa mpangilio hata nikiwa usingizini: adrenalini ya paja, oksijeni, kumlaza kwa ubavu wa kushoto tumbo lisibane mishipa, dripu, adrenalini ya pili. Mwenzangu alilivuta pazia likakatika, akashika mkono wa pili wa mgonjwa akitafuta mshipa. Mtu mwingine alipiga simu ya ambulensi. Mtu mwingine alimpigia daktari, akapokea, akasema endeleeni, mnafanya sawasawa. Tulikuwa tunafanya sawasawa kweli. Ambulensi ilichelewa, ikafika, ikamchukua akiwa bado na pumzi nyembamba, na nililitazama gari likivuka robot, ile taa nyekundu ya kona, hadi likapotea. Nilirudi ndani. Yule wa kidonda alikuwa bado amekaa, mguu nusu umefungwa, akaniuliza kama angojee.

Alifia hospitali kabla ya saa tisa alasiri. Mtoto naye. Walisema alikuwa wa kiume.

Saa kumi simu yangu iliita, nikaona namba ya msusi wangu. Nilipokea nikiwa chooni, ndipo palipokuwa na faragha. Sauti yake haikuwa na kilio. "Sista," akasema, "banasema nimekufa."

Ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi za hospitali. Mume wa marehemu ni mlinzi kwenye duka kubwa Randburg, alikuwa ameitwa kutoka kazini, akafika hospitali na sare yake ya ulinzi, akaonyeshwa mwili wa mke wake na kuombwa athibitishe jina la dada yake. Alisema atarudi kesho na ndugu. Hakuweza kusema ndiyo, na hapana aliiogopa.

Kesho yake nilikwenda kwao baada ya kazi. Walikuwa wamekaa chumbani kwa msusi, yeye, kaka yake, na vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyekunywa. Nilitegemea wangenirukia. Msusi wangu alinivutia kiti.

Alikuwa akimwambia kaka yake, ambaye humwita yaya, bila hasira, kama mtu anayejaribu nguo, "Bakiandika kama nimekufa, mimi nitabakia nani? Batoto banasoma na karatasi yangu. Eish, yaya, unieleze, nitakuwa nani?"

Kaka yake alikuwa ameinama. "Na ukibakia wewe, yeye atakuwa nani? Nitamuzika na jina yako? Nitasimama pale kaburini niite jina ya dada yangu?" Akafuta uso kwa kofia ya kazi. "Hapana. Bibi yangu, mama wa mutoto wangu, alikuwa na jina."

Hawakuniomba ushauri. Ingekuwa saluni, ningekuwa nimekwisha toa. Nilikaa nao saa nzima na sikufungua mdomo, na wao walichukulia kimya changu kuwa majonzi.

Kaka mtu alikwenda akasema ukweli. Aliwaambia hospitali jina la mke wake, mahali alipozaliwa, na kwamba kadi ilikuwa ya dada yake. Kuhusu yule mwanamke aliyesema "nani atajua" huku kichwa chake kimesukwa nusu, hakusema kitu. Sijui kama alikuwa ameambiwa. Msusi alijua. Yeye alikuwepo, alinisikia, na alijua kwamba mimi namfahamu yeye sura kwa sura na nisingeweza kumchukua mwingine nikadhani ni yeye, hata kwa dakika moja.

Mkuu wa kliniki aliniita Ijumaa. Ni nesi kama mimi, amezeekea kazini, magoti yamemwisha. Alikuwa na fomu mbele yake. Mwenzangu wa upande wa pazia alikuwa ameshaandika maelezo yake: kwamba alinisikia nikiuliza lile swali mara mbili, kwa lugha mbili, na mgonjwa akajibu kwamba hakuwahi kupata shida. Ni kweli tupu. Mkuu akanisomea, kisha akavua miwani.

"Mwenye kadi ulikuwa unamfahamu?"

Nilikuwa nimeamka na nia ya kusema. Naapa nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye basi. Nikafikiria kibali changu, vile vipande vya begani, mama yangu na majirani zake. Nikafikiria pia, na hili ndilo nililojipamba nalo, kwamba nikiondoka mimi hakuna atakayebaki kuwasemesha wanawake wetu lugha yao.

"Nawaona wagonjwa wengi sana," nikasema. "Nyuso sizikumbuki."

Aliandika. Nadhani alipumua kidogo, kwa sababu jibu lile lilikuwa jepesi kwa kila mtu. Kwenye fomu wameweka kwamba mgonjwa alitoa taarifa zisizo za kweli, na kwamba nesi alifuata utaratibu. Alinipa siku tatu za kupumzika na kunishika mkono. Nilifika nyumbani nikalala usingizi mzito wa mtu aliyepona, na nilipoamka nilijichukia kwa usingizi ule zaidi ya kitu kingine chochote.

Niliporudi kazini wanawake wetu walikuwa wamepungua. Kadi za kuazima zilikwisha, kila mtu akiambiwa kwamba kadi ya mwenzio inaua. Wale wasio na karatasi sasa hawaji kabisa. Faili la msusi wangu limefungwa hadi uchunguzi wa jina uishe, hivyo naye, mwenye haki zake zote, akiumwa anakunywa dawa za dukani. Wa getini bado wapo. Bado wananisalimia.

Walimzika hapahapa, kumsafirisha kulishindikana. Mazishi sikwenda, nilisema niko zamu. Nilikwenda siku ya kuondoa matanga, kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa lao, nikiwa na sukari na majani ya chai kama kila mtu. Nilitaka niingie, niweke, nitoke. Mume wa marehemu aliniona mlangoni. Aliinuka kutoka kati ya wanaume, akavuka ukumbi mzima, akasimama mbele yangu kwa heshima ya mtu aliye mbele ya mkubwa. Msusi wangu alikuwa amekaa ukutani pamoja na wanawake, hatua tatu kutoka tulipokuwa, kichwa chake kimefungwa kitambaa cheusi.

"Sista," akasema, "banatuelezea kazini kwako walikusumbua juu yetu. Walikuita kwa ofisi. Tulikudanganya, sista. Wewe ulimuuliza muzuri, hata na Kiswahili ulimuuliza, na yeye akakuficha. Tulikuletea matatizo wakati ulikuwa unatusaidia." Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. "Kwa niaba ya familia, ninakuomba utusamehe."

Nilimtazama msusi wangu. Alikuwa ananitazama bila kupepesa, hakunihukumu wala hakunisaidia, alikuwa anangoja tu kusikia nitajibu nini.

Nikamwambia yule bwana kwamba nimewasamehe.